Vidonge vya Mgongo

Kabla mgongo wake haujaumia, Yurub alikuwa mtu wa kubeba. Madumu ya maziwa ya ngamia aliyashusha mwenyewe kutoka kwenye lori hadi mezani pake sokoni Garissa, moja kila mkono, na wauzaji wenzake waliokuwa wakikodi mikokoteni walimtania kwamba alinyonyeshwa na ngamia. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Griftu aliyeletwa Garissa na ndoa. Mumewe, Mustafe, aliendesha lori la bidhaa hadi Mandera, safari zilizomweka njiani zaidi kuliko nyumbani, kwa hiyo Yurub aliishi zaidi na mama mkwe wake, Samsam, mjane wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu.

Ajali ilitokea msimu wa mvua. Yurub alikuwa ameketi juu ya shehena ya maziwa wakati gari lilipoteleza likiingia laga, lile bonde la mchanga ambalo mvua ikinyesha hugeuka mto, likalala ubavu. Abiria wawili walizikwa siku hiyo hiyo. Yurub alitolewa mzima, ila mifupa ya kiuno na mgongo ilikuwa imepata nyufa. Mifupa iliunga. Maumivu yakabaki palepale.

Mwanamke mmoja wa sokoni ndiye aliyemwelekeza kwenye duka dogo la dawa nyuma ya stendi. "Mwambie akupe vile vya rangi mbili," alisema. Vilikuwa vidonge vya ganda, nusu kijani nusu njano, vyenye unga mweupe ndani. Cha kwanza Yurub alikimeza adhuhuri. Kabla ya alasiri maumivu yaliondoka kama mgeni aliyeitwa nje, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajali, aliinama kufunga kamba ya kiatu chake bila kuuma meno.

Nyumbani aliviita vidonge vya mgongo. Samsam alikuwa akimletea maji ya kumezea. Hakuna aliyeona ubaya, maana dawa ni dawa, na hii ilitoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Lakini kimoja kikawa viwili, viwili vikazidi, na Yurub akaanza kugundua jambo ambalo hakumwambia mtu. Akichelewa kumeza, hupiga miayo mfululizo bila ya usingizi. Pua humchuruzika, chafya hufuata chafya, jasho humtoka hata kivulini, miguu hukataa kutulia, na ngozi humwasha kwa ndani kana kwamba siafu wanapita chini yake. Akimeza, yote hukoma. Alijiambia ni mgongo unaodai haki yake.

Mimba mbili zilitoka changa. Ya tatu ikakaa. Kliniki, muuguzi alimwuliza kama alivyowauliza wanawake wote kwenye foleni: unatumia dawa za kulevya? Yurub alikaribia kucheka. Dawa za kulevya, kwa ufahamu wake, zilikuwa za wale vijana wanaolala vibarazani na midomo wazi mchana kutwa. "Hapana," alijibu, na moyoni hakuona kwamba amedanganya.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye nywele nyingi na vidole virefu vya baba yake. Alilia vizuri, akanyonya, akalala. Samsam alimwadhinia sikioni kwa kuwa hapakuwa na mwanamume karibu, akamtia tende iliyotafunwa mdomoni, na kwa mara ya kwanza Yurub alimwona mama mkwe wake akifuta machozi bila kujificha.

Kilio kilibadilika siku iliyofuata.

Kilikuwa chembamba na cha juu, kama cha mwanambuzi aliyebanwa mguu mlangoni, na hakikuwa na kituo. Mtoto alishika titi kwa pupa, akaliachia, akalitafuta tena kama aliyepofuka, akakasirika. Mikono yake ilitetemeka. Ukiishika ilitulia, ukiiachia ilianza upya. Alitafuna ngumi zake mpaka ngozi ya vifundo ikawa nyekundu. Choo chake kilikuwa maji matupu, na matako yakachubuka.

Wakamhamishia wodi ya watoto wachanga. Daktari Abdimalik, mtu mwenye ndevu fupi na sauti ya upole, alimpima sukari, akamtoa damu, akasema huenda ni maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Wakamwanzishia sindano. Muuguzi wa zamu, Faiza, alimfunga kanga, akamtembeza, akamweka kifuani pa mama yake. Kilio kiliendelea.

"Hiki si kilio cha mtoto," Samsam alisema akiwa amesimama mlangoni, shela ameikamata chini ya kidevu. "Kuna kitu kinalia kwa mdomo wake."

Yurub alikuwa anamtazama mtoto. Mtoto alipiga mwayo. Akapiga mwingine, na mwingine, midomo midogo ikifunguka hadi ufizi wote ukaonekana, na macho yake makavu yakiwa hayana dalili ya usingizi. Kisha akapiga chafya. Akarudia, akarudia tena. Jasho lilikuwa limelowesha nywele zake ingawa feni ilikuwa ikizunguka juu. Miguu ilipiga teke, ikajikunja, ikapiga teke.

Yurub naye akapiga mwayo.

Tangu uchungu ulipomshika alikuwa amemeza kidogo kuliko kawaida, kwa sababu watu walikuwa wengi na vidonge vilikuwa vimefungwa kwenye ncha ya shela yake. Pua ilikuwa imeanza kumchuruzika. Alimtazama mtoto, akaitazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa anaujua ugonjwa huu. Aliujua kila hatua yake, unapoanzia na unapokwenda, na aliijua dawa yake pia. Hakuna mwingine humo ndani aliyejua, na yeye hakuweza kufungua kinywa.

Angesema nini? Kwamba binti huyu aliyeombewa miaka yote ametiwa sumu na mama yake, kila asubuhi na kila jioni, kwa maji aliyoletewa na bibi yake? Alikuwa amesikia sokoni habari za mwanamke aliyenyang'anywa watoto na watu wa serikali kwa sababu ya pombe. Akilini alimwona Mustafe akishuka kwenye lori na kuambiwa. Aliwaona wanawake wa ukoo wakinyamaza anapoingia. Halafu zikamjia zile mimba mbili, ambazo hakuwahi kuzifikiria hivyo, na akakaa chini sakafuni.

Baada ya swala ya adhuhuri Samsam alirudi akiwa ameshaamua.

"Nimezungumza na mzee wa dawa za kienyeji," alisema. "Atamchoma kidogo tu kwa chuma cha moto, tumboni na nyuma ya masikio. Mustafe alichomwa akiwa mdogo kuliko huyu, na leo ni mwanamume. Jiandae. Nakwenda kutafuta gari, nikirudi tunaondoka."

"Hooyo, daktari hajaruhusu," Yurub alisema. Hooyo ni mama, na ndivyo alivyomwita mama mkwe wake tangu siku ya harusi.

"Daktari amemchoma sindano ngapi? Amenyamaza?"

Samsam akatoka. Viatu vyake vilisikika ukumbini hadi vikapotea.

Yurub alimtazama mtoto na ikawa kama anaziona alama za moto kwenye ngozi ile, maana yeye mwenyewe alikuwa nazo mbili juu ya kitovu. Kama angenyamaza, mtoto angechomwa, na baada ya kuchomwa angeendelea kulia, na wangemchoma tena. Ndipo wazo lile likaja, likakaa karibu naye kwa utulivu kama mtu mwenye nia njema. Kwa nini umwambie mtu? Unayo dawa. Mpe kidogo tu, alale. Samsam akirudi atamkuta amelala na ataona sindano zimefanya kazi.

Alivuta pazia. Akafungua fundo la shela kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vinamcheza. Vilikuwa vimebaki vitatu. Alikishika kimoja, akakipinda, ganda la kijani likaachana na la njano, na unga ukamwagika kiganjani. Alilowesha ncha ya kidole kidogo kwa mate, akaugusa unga. Kidole kikarudi na vumbi jeupe, kidogo sana, haba kuliko chumvi ya kuonjea mchuzi. Mtoto, aliyekuwa akitafuta chochote cha kunyonya, alikigeukia kidole kile, mdomo wazi.

Kidogo ni kiasi gani?

Swali hilo lilimzuia. Yeye mwenyewe, siku moja alipovizidisha, alilala tangu alfajiri hadi Samsam alipomwamsha kwa maji ya baridi usoni, na alipoamka ilikuwa kama anapandishwa kutoka kisimani. Alikuwa mtu mzima wa kubeba madumu. Huyu uzito wake wote haukufikia mkungu wa ndizi. Mdomo ulikuwa umeshagusa ukucha wake. Yurub aliuvuta mkono kwa nguvu hata ukagonga chuma cha kitanda, akausugua kwenye nguo yake, akausugua tena, kisha akapiga ukelele ambao hakujua kama anao.

"Sista! Sista, njoo!"

Faiza aliingia mbio. Aliona pazia, ganda lililofunguka juu ya shuka, unga kiganjani. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua mdomo wa mtoto na kupangusa ndani kwa kidole chenye kitambaa.

"Umempa?"

"Hapana. Wallahi, sijampa. Nilitaka."

"Hata chembe?"

"Hata chembe. Sista, mtoto hana jini. Ana ugonjwa wangu." Yurub alikuwa akitetemeka sasa kiasi kwamba meno yaligongana. "Hivi ninavimeza mimi, vya mgongo. Nikikosa nakuwa hivyo alivyo. Tazama chafya zake. Tazama miayo. Ni mimi. Utaita polisi?"

"Nitamwita daktari," Faiza alisema.

Hakufika mlangoni. Kilio kilikatika ghafla, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio. Mtoto alikakamaa, mgongo ukapinda kama upinde, macho yakaenda upande mmoja yakabaki huko, na mkono wa kushoto ukaanza kuruka kwa mpigo wake wenyewe. Midomo ikageuka rangi ya wino. Yurub alisikia mtu akisema "La ilaha illallah" mfululizo, kisha akagundua ni yeye. Watu wakajaa, mtu akamsukuma nje ya pazia kwa mgongo, na kutoka hapo aliweza kuona nyayo tu, nyayo mbili ndogo zikitikisika, mpaka zikaacha kutikisika, na hakujua maana ya kuacha kule.

Ulipita muda kabla pazia halijafunguliwa. Mtoto alikuwa na mrija wa hewa puani. Alikuwa anapumua.

Daktari Abdimalik alimketisha Yurub kwenye benchi la ukumbini. Alimwuliza jina la vidonge, ameanza lini, anameza vingapi, cha mwisho alimeza lini. Aliuliza kwa namna ambayo mtu huuliza njia ya kwenda mahali. Yurub alijibu yote akitazama sakafu.

"Kila ulichomeza, naye alikimeza," daktari alisema. "Ameishi nacho tangu alipoanza kuwa mtu. Kitovu kilipokatwa, naye akakatiwa ghafla. Mwili wake unakitafuta."

"Nimemuua?"

"Yuko hai. Huu ni ugonjwa unaotibika. Tunampa dawa ya jamii hiyo hiyo, matone yaliyopimwa, tunapunguza polepole mpaka asihitaji tena. Sindano za maambukizi tutaendelea nazo hadi majibu ya damu yarudi." Aliutazama mkono wa Yurub. "Ule unga ungeingia, angelala. Ningekuja kumwamsha nisiweze."

Yurub alifunika uso. Alipoufunua, aliuliza habari za zile mimba mbili.

"Sijui," daktari alisema. "Na sitakuambia nisichokijua. Lakini wewe pia usiache vidonge leo kwa hasira. Nawe tutakupunguzia kwa mpango. Nataka mama mzima kwenye kiti cha kando ya mtoto."

Samsam aliwakuta hapo. Gari lilikuwa linanguruma getini. Hakuna aliyekuwa amepanga namna ya kumwambia, kwa hiyo Yurub alimwambia jinsi alivyoweza, kwa Kisomali, maneno yakija bila mpangilio. Samsam alisikiliza amesimama. Alipoelewa, aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba umeshika kitu.

"Maji ya kumezea nilikuwa naleta mimi," alisema.

Akageuka akaenda zake. Yurub aliliona gari likiondoka na yeye ndani, na jioni ile, amekaa peke yake karibu na kitanda cha mtoto, alijua kwamba simu inapigwa Mandera.

Kitanda kilikuwa kimesogezwa kwenye kona. Dirisha lilizibwa kwa shuka la buluu, na Faiza alikataza watu kuongea kwa sauti hapo. Kila baada ya muda alikuja kumkagua mtoto: anatetemeka kiasi gani, amelala au hakulala, amepiga chafya ngapi, choo kikoje. Kisha matone machache yaliingia shavuni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yurub alifundishwa kumfunga mikono kifuani ili mitetemo isimwamshe, kumweka ngozi kwa ngozi ndani ya dera lake, kutomtikisa, kutomwimbia. Matone ya kwanza yalipofanya kazi na mtoto akalala, Yurub aliogopa zaidi. Alilala kimya mno. Aliweka mgongo wa mkono mbele ya pua yake, akahisi pumzi, akauondoa, akaurudisha.

Asubuhi Samsam alisimama mlangoni na chupa ya chai. Hakumsalimia Yurub. Alimwuliza Faiza kama inaruhusiwa kumsomea mtoto.

"Soma, hooyo, ila kwa sauti ya chini. Masikio yake yanamwuma."

Samsam akaketi, akainama hadi midomo yake ikakaribia blanketi, akasoma kwa pumzi tu. Alikuja hivyo kila siku. Siku za mwanzo chai aliiweka chini karibu na mguu wa Yurub bila neno, na Yurub aliinywa akihesabu hiyo kuwa adhabu, maana alijua jinsi mwanamke huyo anavyonyamaza akiwa amekasirika. Hakuambiwa kamwe kama amesamehewa.

Mustafe aliingia siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, na vumbi la barabara lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Yurub alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa talaka. Alisimama, mtoto akiwa kifuani mwake.

"Atakufa?" Mustafe aliuliza.

"Daktari anasema atapona. Bado anatetemeka usiku."

"Na wewe?"

Hakuelewa swali. Siku zote zile hakuna mtu wa nyumbani aliyemwuliza habari zake. Mustafe alimtazama jinsi alivyokonda na jasho lililokuwa mdomoni pake, akavuta kiti, akanyoosha mikono yake mikubwa ya usukani. "Nionyeshe anavyoshikwa," alisema. Walimwita Bilan. Baadaye Mustafe alikwenda nyuma ya stendi kwa hasira iliyomtia Yurub hofu mpya, akakuta duka limefungwa na mwenyewe amehama, hakuna ajuaye wapi. Majirani walisema alikuwa na wateja wengi, wanawake hasa.

Majibu ya damu yalirudi safi, sindano zikakoma. Matone yakapunguzwa. Mara moja yalipunguzwa haraka, kilio kile kikarudi mchana kutwa, na Yurub akaamini kwamba hakuna kitakachopona; wakayapandisha kidogo, wakaanza kushuka upya. Mwanzoni mtoto alipewa maziwa ya kopo. Baadaye, daktari alipoona Yurub anafuata mpango wake bila kumeza vingine kwa siri, alimruhusu anyonyeshe chini ya macho ya Faiza. Bilan alishika titi, akavuta, akameza, akaendelea kumeza. Yurub hakuthubutu hata kubadilisha mkao wa mguu uliokufa ganzi.

Mwezi ulikuwa umepita waliporudi nyumbani.

Mgongo bado unamwuma. Anachukua dawa yake kliniki, mkononi mwa muuguzi, kipimo kinachopungua, na zipo siku ambazo angetoa chochote apate kile cha rangi mbili. Madumu sasa anabebewa. Sokoni kulikuwa na minong'ono kwa muda. Kisha mwanamke mmoja alimfuata nyuma ya meza, mjamzito wa miezi mingi, akamwuliza kwa sauti isiyosikika vile vidonge alivyokuwa akitumia vilikuwa vya rangi gani. Yurub alimshika kiganja, akamwachia binti wa jirani meza ya maziwa, akampeleka moja kwa moja kwa Faiza.

Bilan alipotimiza miezi minne Daktari Abdimalik alimlaza kitandani, akampapasa nyayo, akamvuta mikono, akatazama jinsi anavyofuata kalamu kwa macho. Kisha akapiga makofi ghafla kando ya sikio lake. Mtoto aliruka, mikono yote miwili ikatupwa juu ikitetemeka.

Yurub aliikamata mikono ile. "Imerudi?"

"Hapana. Watoto wote hushtuka," daktari alisema. "Anakua vizuri. Mlete tena baada ya miezi mitatu, tuendelee kumtazama."

"Tumtazame nini?"

"Anavyokaa, anavyosema, anavyocheza. Mara nyingi huwa sawa."

Yurub alilibeba lile neno, mara nyingi, hadi nje kwenye jua. Samsam alikuwa akiwangoja kivulini na kitambaa cha kumfunika mtoto. Bilan alipiga chafya moja kwa sababu ya vumbi. Wanawake wote wawili wakasimama wakingoja ya pili. Haikuja. Wakasubiri kidogo tena, kisha Samsam akamchukua mjukuu wake, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani.